Hila za Bei Zitajwe katika Sheria

Wapo wasemao kwamba hila za soko la hisa ni mambo ya Nairobi na Dar es Salaam, hayamhusu mwuza mchele wa Ngagara. Hatukubaliani nao hata kidogo. Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 27, 2013, wachuuzi wengi walihamia Ngagara, na bidhaa zao nyingi hutoka nje, hununuliwa kwa dola. Mlanguzi afichaye dola, kisha akavumisha kwamba zimekwisha, hana tofauti na mwenye hisa ajiuziaye mwenyewe ili bei ionekane imepanda. Anayelipa ni mama aliyekuja kununua mafuta ya kupikia.

Februari 2020 Benki Kuu ilifunga maduka ya kubadilishia fedha. Nia ilikuwa njema, lakini biashara ile haikufa, ilihamia vichochoroni. Maduka yakaruhusiwa tena mwaka 2022, na Mei 2023 dola ikapanda rasmi kutoka faranga 2,000 na kitu hadi zaidi ya 2,800.

Jirani zetu wa Tanzania walitunga sheria ya masoko ya mitaji mwaka 1994, miaka minne kabla soko lao la hisa halijaanza kazi. Sheria hiyo haikufunga mlango wa biashara. Ilizitaja hila zenyewe na kuziwekea adhabu. Nasi tunataka hivyo kwa biashara ya fedha: atajwe mvumishaji, atajwe mfichaji, na atajwe ofisa aijuaye siri ya kushushwa kwa faranga akanunua dola kabla haijatangazwa. Huyo ndiye aanze kushtakiwa.