Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa mfuko wetu wa pensheni

YAH: PENSHENI KUSIMAMISHWA KATIKATI YA MSIMU WA KUPANDA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Naiheshimu ofisi yako, lakini sitakuficha kwamba nakuandikia nikiwa na hasira.

Novemba pensheni yangu haikuingia. Desemba haikuingia. Ujumbe wenu ulinieleza kuwa malipo yamesimamishwa kwa sababu sijakamilisha uhakiki kwa njia ya mtandao. Huku Mbinga mvua za kupandia huanza mwishoni mwa Novemba, na mahindi hayangoji mfumo ufunguke. Nimepanda bila mbolea. Fedha ya mbolea ilikuwa kwenu, na ni yangu.

Mfumo wenu mnaujua, lakini sidhani kama kuna kiongozi hapo aliyewahi kuuingia kama sisi tunavyouingia. Unaanza na namba ya uanachama na nywila yenye herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama, ambayo lazima ibadilishwe kila baada ya miezi mitatu. Ikikubali, inatumwa namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, na uhai wake ni dakika 5. Ukiiwahi hiyo, nyingine inatumwa kwenye barua pepe. Kisha kamera inawaka: weka uso ndani ya duara, pepesa macho, geuka kushoto, geuka kulia. Mimi nina mtoto wa jicho; duara lenyewe silioni sawasawa. Ukichelewa hatua moja unarudishwa mwanzo, na ukirudishwa mara kadhaa akaunti inafungwa hadi kesho yake. Kesho yake kwangu ni nauli nyingine ya bodaboda kwenda na kurudi mjini.

Kijijini mtandao wa kubahatisha hautoshi kufungua ukurasa wenu, ndiyo maana naenda mjini. Huko nako, siku za uhakiki, wastaafu wa nchi nzima tunaingia kwa pamoja na ujumbe unachelewa. Namba inafika muda wake umeshapita. Ukiomba nyingine, ile ya kwanza inafutwa, lakini ndiyo inayotangulia kuingia kwenye simu. Unaiandika, mfumo unakataa. Wakati ya pili inafika, ukurasa umeshajifunga. Nimefundisha miaka mingi, nimesahihisha madaftari ya watoto kwa mwanga wa kibatari, na sikuwahi kumpa mtoto mtihani uliopangwa namna hii.

Wanaotuingiza kwenye mfumo ni vijana wa steshenari. Ninakokwenda mimi, kijana ana kaunta buku juu ya meza, na kila mstaafu ana mstari wake humo: namba ya uanachama, nywila, barua pepe, nywila ya barua pepe. Barua pepe zenyewe kafungua yeye, nyingi kwa namba yake mwenyewe ya simu, maana wengi wetu tuna vitochi. Kurasa zimejaa mikwaruzo ya kalamu, nywila ya zamani imekatwa, mpya imeandikwa pembeni kwa herufi ndogondogo kwa sababu nafasi imeisha. Kijana huyu ni mwaminifu, na bila yeye nisingejua hata pa kubonyeza. Ila siri za wastaafu wa tarafa nzima ziko kwenye kaunta buku lisilo hata na jalada, na aliyezipeleka pale ni mfumo wenu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inawahusu na ninyi.

Najua kwa nini mnakuwa wakali. Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" umewaliza wengi, na tangu Serikali iwasake watumishi hewa mwaka 2016 hakuna anayetaka marehemu aendelee kulipwa. Mimi pia sitaki. Lakini mjukuu wangu anayesomea kompyuta amenionyesha kuwa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishaandika mwaka 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili nywila mara kwa mara pasipo dalili ya kuvuja, na kwamba namba za uthibitisho kwa ujumbe mfupi zitumike kwa tahadhari. Mnatulazimisha la kwanza na mnalitegemea la pili. Kisha mnasimamisha malipo ya mtu aliye hai, naye anapanda bila mbolea.

Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kama tulivyoagizwa mwaka 2019. Mtendaji wa kata ananifahamu. Mwenyekiti wa kijiji nilimfundisha darasa la tatu. Mkitaka kujua kama ni mzima, muulizeni mmoja wao. Jibu mtalipata kabla jua halijazama. Na wanaouamini mfumo kuliko mtu si ninyi peke yenu. Kila ofisi siku hizi inamwondoa mhudumu dirishani, inaweka mfumo, na anayeshindwa kuingia anahesabiwa kuwa hayupo.

Naomba malipo ya mwanachama yeyote yasisimamishwe kabla mtu wa kwenu hajamtafuta kwa simu au kupitia kwa mtendaji. Karatasi ya uhakiki yenye muhuri wa kata ipokelewe kama inavyopokelewa kamera. Nywila ziacheni zikae. Namba ya uthibitisho ipewe muda unaolingana na mtandao wa Mbinga, hata kama wa Dar es Salaam ni mwepesi.

La kwangu binafsi lina haraka. Mahindi yameota, na majani yake yana umanjano ambao mkulima yeyote anajua maana yake. Wakati wa mbolea ya kupandia umeshapita, hata mkinilipa leo mara mbili. Urea ya kukuzia bado naweza kuiwahi, iwapo malimbikizo ya miezi miwili yataingia kabla Januari haijaisha. Akaunti ya benki ni ileile mliyokuwa mkiitumia tangu nistaafu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu,
Mbinga, Ruvuma