MUHOGO MCHUNGU: MSIWASINGIZIE AKINA MAMA!

Msomaji, ukimsikia mkubwa jukwaani akidai kwamba wananchi wanaugua kwa sababu hawajui kula, mtazame kitambi chake kwanza, kisha umuulize: mheshimiwa, umewahi kusikia konzo?

Konzo ni neno la Wayaka wa Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtoto mzima kabisa anaamka siku moja miguu imekakamaa, na hatatembea tena sawasawa maisha yake yote. Dawa ya kumrudishia miguu hakuna. Wanaopatwa zaidi ni watoto na akina mama wa umri wa kuzaa. Daktari mmoja wa enzi za Mbelgiji, Trolli, aliuandika ugonjwa huo mwaka 1938, kisha ukasahaulika. Usishangae, waliolemaa hawakuwa watu wa mjini.

Mwaka 1981 ukalipuka Nampula, Msumbiji. Wagonjwa 1,102! Madaktari waliokuwa huko, wakiwemo Julie Cliff na Hans Rosling, walihofia kwamba huenda unaambukiza. Lakini hawakukaa ofisini kubahatisha. Watu walihesabiwa vijijini, familia zikaulizwa zinakula nini na zinakiandaa vipi, damu na mkojo vikapimwa. Jibu likawa ni muhogo mchungu.

Muhogo huo una sumu ya sianidi, na wakulima wanalijua hilo tangu zama za mababu. Ndiyo maana huuloweka au kuuanika muda mrefu. Ikibaki sumu kidogo, mwili huipunguza makali kwa kutumia salfa inayotoka kwenye maharage, samaki, nyama. Sasa ukame umeua kila kitu shambani isipokuwa muhogo, maharage hakuna, kitoweo hakuna, watoto wanalia njaa. Nani atangoje makopa yakauke vizuri? Sumu inazidi, na kinga yake haipo.

Usidhani ni mambo ya majirani tu. Mwaka 1985, baada ya ukame, watafiti waliopita nyumba kwa nyumba huko Tarime walikuta wagonjwa 39. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 konzo ikaonekana Mtwara na Mbinga.

Lakini kisa kinachotuchoma zaidi ni cha Bandundu, katika nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Huko barabara ya lami ilijengwa hadi Kinshasa. Maendeleo hayo! Malori yakaja, muhogo ukawa fedha, watu wakauza mpaka akiba ya chakula chao. Muhogo uliokuwa ukilowekwa siku 3 ukaanza kulowekwa usiku mmoja. Konzo ikafuata. Watafiti walipolinganisha kaya zenye wagonjwa na zisizo nao, tofauti ilikuwa hapo hapo, kwenye muda wa kuloweka.

Haya, ujinga wa mama uko wapi? Siku 3 alizijua, alifundishwa na bibi yake. Alichonyang'anywa ni muda, akiba na maharage ya kutia chunguni. Aliyepanga barabara hakuuliza watu watakula nini muhogo ukishapanda lori.

Hatupingi barabara, wala hatupingi elimu. Iko njia rahisi aliyoibuni mtaalamu wa Australia, Howard Bradbury: unga wa muhogo unalowanishwa maji, unatandazwa mwembamba, unaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu inatoka hewani, kisha unasonga ugali siku hiyo hiyo. Kongo imetumika na imezuia wagonjwa wapya. Hilo lifundishwe kila kijiji kinachokula muhogo mchungu. Ila tusidanganyane, unga uliolowanishwa hauleti kitoweo.

Tunachodai ni hiki. Ukame ukianza, wahesabiwe wanaokula muhogo mtupu kabla hawajaanza kuhesabiwa waliolemaa. Hesabu hizo zisomwe kwenye mkutano wa kijiji, zisifungiwe kabatini kusubiri wafadhili. Na chakula cha msaada kisiwe unga tu, maharage yawemo.

Nawe msomaji, kama kwenu yuko mtoto aliyekakamaa miguu ghafla wakati wa njaa, usikubali kuambiwa amerogwa. Mpeleke zahanati, na umweleze mganga alikuwa akila nini mwezi ule.