Alikuja kwa miguu yake

Nimeadimika hapa kwa wiki kadhaa. Kazi za gazeti zilinibana, halafu kuna jambo lilikuwa limenikaa kooni na sikujua nilianzie wapi. Leo nalitema. Najua wapo washikaji zangu watakaonuna, na mmoja atajitambua kabla hajafika katikati. Potelea mbali.

Jumamosi mbili zilizopita tulikuwa Mwanjelwa, kijiwe chetu cha kila wiki, tumekaa watu sita. Wote tumemaliza chuo. Wawili ni walimu, mmoja anafanya kazi benki, mmoja anasaka shahada ya pili, mwingine mfanyabiashara wa mchele wa Igurusi, na mimi na kalamu yangu. Nataja elimu makusudi, maana tumezoea kudhani haya mambo ni ya wapiga debe na wavuta bangi wa nyuma ya stendi. Basi mmoja wetu akaanza kusimulia kisa, kama tunavyosimuliana visa vya wasichana kila siku.

Alikuwa amefahamiana na binti anayesoma chuo Iringa. Wakachati wiki kama tatu, akamtumia nauli kwenye simu, binti akapanda basi asubuhi, mchana akawa Mbeya. Wakala chipsi kuku, wakazunguka kidogo maeneo ya Kabwe, jioni wakaenda getoni kwa jamaa. Usiku binti akasema hapana, leo siko tayari, nilikuja tufahamiane, naomba nilale na kesho nirudi chuo. Jamaa, kwa maneno yake mwenyewe, "akamwelewesha" mpaka saa saba usiku. Alipoona haeleweki akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni, akajilaza kitandani na kumwambia: "Haya, kama unataka kwenda, nenda." Kijiwe kikaangua kicheko. Mwisho wa yote, akasema, mtoto "akakubali mwenyewe". Tena sikumgusa hata kofi, akaongeza, kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Na mimi nilicheka. Naliandika hili ili msije mkadhani nilikaa pale kama mtakatifu. Nilicheka kwanza, ndipo nikauliza: "Sasa ule ufunguo ulikuwa wa kazi gani?"

Hapo ndipo mjadala ulipoanza. Mwalimu wa kwanza: alikuja kwa miguu yake, hakuburutwa. Mfanyabiashara: amekula nauli, amekula kuku, alitegemea mwisho wake uwe nini, ibada? Mwalimu wa pili: nyumba ile ya wapangaji, ukuta ni mmoja, mbona hakupiga kelele? Msomi wetu wa shahada ya pili akatoa nadharia kwamba mwanamke wa Kiafrika hapana yake ya kwanza ni ya heshima tu. Na wote wakakubaliana kwamba kubaka ni kule kwa kichakani, mtu na panga shingoni. Hiki cha mshikaji wetu eti ni "mambo ya wapenzi".

Nilirudi nyumbani nikaifungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 130. Kifungu hiki kiliandikwa upya na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998, maana yake hata wale walimu wawili walikuwa bado wadogo kilipoanza kutumika. Kinaeleza mazingira ambayo mwanaume akimwingilia mwanamke anakuwa amebaka. La kwanza ni pale mwanamke anapokuwa hajaridhia wakati wa tendo lenyewe. Wakati wa tendo, jamani. Si wakati wa kupokea nauli, si wakati wa kupanda basi Iringa, si wakati wa kunyonya mfupa wa kuku.

La pili ndilo nililolirudia mara tatu. Sheria inasema hata kama mwanamke alikubali, endapo kukubali huko kumepatikana kwa nguvu, kwa vitisho, kwa kumtia hofu ya kuuawa au kuumizwa, au akiwa amezuiliwa isivyo halali, huo ni ubakaji. Amezuiliwa isivyo halali! Utadhani aliyeandika kifungu kile alikuwa amekaa nasi pale kijiweni. Binti mgeni wa mji, saa saba usiku, mlango umefungwa na ufunguo uko kwenye suruali ya mtu. Halafu tunaambiwa "alikubali mwenyewe". Kakubali nini wakati kilichobaki mbele yake ni kitu kimoja tu? Ridhaa ni ya mtu anayeweza pia kukataa akabaki salama. Ukimnyang'anya uwezo wa kukataa, hiyo ndiyo anayokupa ni kitu kingine kabisa, tafuta jina lake lakini usikiite ridhaa.

Na kuhusu kelele na makofi, kifungu hichohicho mbele kidogo kinasema si lazima kuwe na ushahidi wa kupambana, kama vile majeraha mwilini, ili kuthibitisha kwamba mwanamke hakuridhia. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila kijiweni kwetu kimya cha mwanamke kina maana moja tu, nayo daima inamfaa mwanaume.

Niseme kidogo kuhusu hii "kula nauli", maana imekuwa kama sheria ya pili ya nchi. Kijana akituma nauli anajiona ameweka rehani. Binti asipokuja ni mwizi, akija na kukataa ni tapeli. Kama kweli unaona umetapeliwa, dai nauli yako! Nenda pale Uyole, mama anauza viazi. Umempa hela, amebadili mawazo, hauzi tena. Utagombana naye, utataka hela yako irudi, pengine utamtukana. Lakini ukimfungia ndani ya kibanda chake na kubeba gunia, soko zima litakuita mnyang'anyi, na hakuna atakayeuliza mbona mama yule aliamka asubuhi akaja sokoni kwa miguu yake. Kwa viazi tunaelewa. Kwa mwili wa mtu tunahitaji semina.

Mfano huu unanirudisha Agosti 2024, ile video ya vijana waliombaka binti mmoja na kujirekodi. Kamanda wa polisi wa Mkoa wa Dodoma wa wakati huo alinukuliwa gazetini akisema binti yule alikuwa kama anajiuza. Nchi ikawaka, Jeshi la Polisi likaomba radhi, kamanda akahamishwa, na Septemba mwaka huohuo watu wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha kule Dodoma. Vizuri. Lakini tuwe wakweli, alichosema kamanda ndicho tunachosema sisi kila Jumamosi. Yeye kosa lake lilikuwa kukisema mbele ya mwandishi. Na hata tuchukulie alikuwa anajiuza, ndiyo nini? Anayeuza ana haki ya kutouza, rudini kwa yule mama wa viazi.

Sasa nije kwenye hoja moja ya wenzangu ambayo siwezi kuipuuza, hofu ya kusingiziwa. Adhabu ya chini kwa mtu mzima aliyebaka ni miaka 30 jela. Ni miaka mingi, na mtu kuiogopa si ujinga. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani, katika uamuzi ambao wanasheria wote wanaufahamu kwa jina la Makumba, ilisema ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mtendewa mwenyewe, na kama ni mtu mzima aeleze kwamba aliingiliwa na kwamba hakuridhia. Vijana wakisikia hivyo wanatetemeka, wanadhani neno la mwanamke likishatoka tu geti la gereza linafunguka. Siyo. Mahakama hiyohiyo baadaye ikafafanua kwamba neno la mtendewa halikukusudiwa lichukuliwe kama msahafu, ni lazima lipimwe kama ni la kweli. Nimekaa kwenye mabenchi ya mahakama nikiandika habari, nimeona kesi za namna hii zikianguka. Tena mshikaji wetu hakusingiziwa na mtu. Alisimulia mwenyewe, bila kuulizwa.

Ila sitaki kuitetea sheria yote kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Kifungu hichohicho ninachokisifu kina shimo kubwa. Msichana wa miaka 16 mwenye mpenzi wake, hata akiapa mbele ya hakimu kwamba alitaka, ridhaa yake haihesabiki kwa kuwa hajafika 18, kijana anakwenda na maji. Hilo nalielewa, ni ulinzi wa mtoto. Lakini msichana huyohuyo akiwa ameozeshwa, kifungu kinamtoa mumewe kwenye kosa, mradi mke ana miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Na mke wa umri wowote ambaye hajatengana na mumewe, kutoridhia kwake hakumo kabisa kwenye hesabu. Yaani akiwa nje ya ndoa "ndiyo" yake si kitu, akiwa ndani ya ndoa "hapana" yake si kitu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi aliyoifungua Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki. Ilikuwa hatua kubwa kwa watoto. Kwa mke mtu mzima, swali liko palepale. Mkiniuliza yule mshikaji alijifunzia wapi kwamba aliyelipa hakataliwi, sidhani alijifunza kwenye video za ngono peke yake.

Kuna ufunguo mwingine ambao hauonekani. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamgusa mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe kazi, cheo, au haki fulani. Adhabu yake haizidi miaka mitatu jela au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Linganisha na ile 30. Mhadhiri aliyeshika maksi zako ameshika mlango uleule, sema yeye ufunguo wake ni wa karatasi. Kibaya zaidi, mwaka 2024 ukaletwa muswada wenye kifungu cha kumtia hatiani hata anayetoa ngono hiyo. Mashirika ya kutetea wanawake yalikipinga kwa nguvu zote, na yalikuwa na haki. Binti hawezi kuwa ametendewa na wakati huohuo awe mtoa rushwa. Mwombe basi na mwenye duka aliyeporwa aje ashtakiwe kwa kugawa mali.

Na sisi wenye kalamu? Hapa nina deni langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa Iringa. Nikakutana na binti, mtu mzima tayari, kutoka kijiji kimoja cha Mufindi, aliyekuwa akifanya kazi za ndani mjini. Mnajua Iringa na wadada wa kazi, nchi nzima inawafuata kule. Mwenye nyumba alikuwa anaingia chumbani kwake usiku. Mshahara wa miezi kadhaa hakuwa amemlipa, anamwambia anamtunzia. Nilimuuliza lile swali letu, mbona hukupiga kelele. Akaniangalia akasema: "Ningepiga kelele, halafu nikalale wapi?" Nikaandika kwenye daftari, nikarudi ofisini, nikachapa kwamba binti huyo "alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mwajiri wake". Mhariri hakubadilisha hata herufi. Sentensi yake ya kulala wapi niliikata kwa sababu habari ilikuwa ndefu.

Angalieni magazeti yetu. Tunaandika "alifanya naye mapenzi kwa nguvu". Mapenzi, kwa nguvu! Tunaandika "alimkatiza masomo", kana kwamba aliyeumizwa ni daftari la mahudhurio. Mtu akiibiwa pikipiki hatuandiki kwamba aliiazimisha kwa nguvu. Tangu wiki ile nimejiwekea kwamba neno mapenzi halitaingia tena kwenye habari zangu za namna hii, mhariri akilirudisha tutagombana.

Rafiki yangu yule tulikutana tena Jumatano, wawili tu. Nilimsomea kifungu kwenye simu yangu. Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo unataka nikafungwe miaka 30?" Nilibabaika. Sikuwa na jibu siku ile na sina hakika ninalo leo. Kesi si yangu, ni ya yule binti, yeye ndiye wa kuamua kama ataingia kwenye Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi Iringa au la. Nilimuuliza alimwacha vipi asubuhi. Akasema alimpa nauli ya kurudi, akamsindikiza mpaka stendi, na njia nzima binti hakusema neno. Simu hakupokea tena.

Nikamuuliza anaitwa nani. Akafikiri kidogo. Akasema kwenye simu alikuwa amemsevu "Iringa".