Kwa Wasioiamini DFT, na kwa Wanaoiamini Kupita Kiasi

Tandale imezoea kusemewa na wengine. Ikitajwa redioni basi ni mafuriko ya Mto Ng'ombe, bei ya mchele sokoni, au kwamba Diamond Platnumz alikulia hapa. Kwa hiyo kijana wa Kwa Mtogole anayesoma fizikia chuo kikuu pale Mlimani, akisema kwamba mradi wake wa mwaka wa mwisho ni kukokotoa tabia za grafiti kwa kompyuta, hupokewa na maswali ambayo mengi ni hukumu zilizokwisha kutolewa. Nimeyasikia kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye stesheneri anakoprinti ripoti yake, na hata vinywani mwa wasomi ambao wangepaswa kujua zaidi. Nitayajibu, ingawa si yote yanastahili nafasi sawa.

"Kompyuta haijui kitu. Inakurudishia ulichoiwekea."

Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili inategemea umeiwekea nini. Anayetumia nadharia ya msongamano wa elektroni, ambayo wenye fani yao huiita DFT kwa kifupi, haiambii kompyuta madini yana ugumu gani, yana rangi gani, wala kama yanapitisha umeme. Anaandika aina za atomu, mahali zinapoanzia kukaa, na namna mpangilio huo unavyojirudia. Kwa silikoni, ile ya paneli za sola zilizofungwa juu ya mabati ya mtaa huu, faili zima halifiki mistari 30: atomu mbili, aina moja, na upande wa mchemraba wenye urefu wa angstromu 5.43 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Mengine yote yanatoka kwenye sheria za fizikia ya kwanta, zinazojulikana tangu Erwin Schrödinger alipochapisha mlinganyo wake mwaka 1926.

Taabu ni kwamba mlinganyo huo haukokotoleki kirahisi. Chukua atomu moja tu ya chuma. Ina elektroni 26, na mahali pa kila moja panahitaji namba tatu kupaeleza, kwa hiyo tuna vigeu 78. Ukiamua kuandika jibu kwenye jedwali, ukipima sehemu 10 tu kwa kila kigeu, utahitaji namba ambazo idadi yake ni 1 ikifuatiwa na sifuri 78. Hata atomu za dunia nzima zikigeuzwa wino, hazitoshi kuliandika jedwali hilo.

Mwaka 1964 Walter Kohn na Pierre Hohenberg walionyesha njia ya kulikwepa jedwali lenyewe. Ili kuielewa, kumbuka Agosti 2011, wakati wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wakazi walipopita vichochoro vya Tandale na vifaa vya GPS kuchora ramani ya mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Hawakumfuata kila mkazi tangu alfajiri hadi usiku. Kwa kupanga mabomba, mitaro na vyoo, kujua watu wamesongamana wapi na kwa kiasi gani kunatosha kwa sehemu kubwa. Kwa binadamu ramani kama hiyo huacha mengi nje. Kwa elektroni zilizotulia katika nishati yao ya chini kabisa, Hohenberg na Kohn walithibitisha kihisabati kwamba haiachi chochote: msongamano wao, ambao unahitaji vigeu vitatu tu badala ya 78, unabeba ndani yake nishati na tabia nyingine zote za kitu hicho.

Mwaka uliofuata, 1965, Kohn na Lu Jeu Sham wakatoa njia ya kulitumia wazo hilo. Elektroni halisi zinasukumana na kukwepana, na hapo ndipo penye ugumu. Wao wakaweka mahali pake elektroni za kubuni ambazo hazisumbuani, lakini zinazotoa msongamano uleule. Ugumu wote uliobaki wakaukusanya kwenye kipande kimoja cha nishati, kidogo ukilinganisha na jumla. Kompyuta inaanza na msongamano wa kukisia, inakokotoa nguvu zinazotokana nao, inapata msongamano mpya, inarudia, hadi usibadilike tena. Ukiwa mbele ya skrini, katika programu ya Quantum ESPRESSO, unaona namba ya nishati ikishuka na kutulia mstari baada ya mstari, mpaka mstari mmoja utokee ukiwa na alama ya mshangao mwanzoni. Huo ndio wa mwisho. Namba yenyewe ikiwa peke yake haina maana, na wanaoanza hukosea hapo mara nyingi. Maana iko kwenye tofauti kati ya namba mbili, mpangilio huu wa atomu dhidi ya ule.

Kile kipande kimoja kilichobaki hakuna anayekijua kwa ukamilifu. Kinakadiriwa. Kadirio linalotumika sana kwa vitu yabisi, PBE, lililochapishwa mwaka 1996 na John Perdew, Kieron Burke na Matthias Ernzerhof, lilijengwa juu ya masharti ya kifizikia bila kurekebishwa ili liendane na vipimo vya maabara. Mengine, kama B3LYP inayopendwa na wanakemia, yana namba zilizochaguliwa kwa kutazama vipimo. Kwa hiyo dai la "ulichoiwekea" lina chembe ya ukweli kwa baadhi ya makadirio. Kwa fani nzima halisimami.

"Lazima uwe na kompyuta ya kujaza chumba."

Hesabu ya silikoni niliyoitaja inamalizika kwa sekunde chache kwenye laptopu ya mtumba. Kazi huongezeka takribani kwa mchemraba wa idadi ya atomu: ukizizidisha mara 10, muda unazidishwa kama mara 1,000, na hesabu ya sekunde 5 inakuwa ya zaidi ya saa nzima. Atomu 200 zenye chuma au nikeli ndani yake si kazi ya laptopu, na anayemwambia mwanafunzi vinginevyo anamdanganya. Lakini mradi wa mwaka wa mwisho hauhitaji atomu 200. Atakayefika huko anaweza kuomba nafasi kwenye kituo cha CHPC cha Cape Town, chenye mashine iitwayo Lengau, yaani duma kwa Kitswana, ambayo makala kadhaa za watafiti wa Kenya zimeishukuru.

Kikwazo kinachotajwa kidogo ni umeme. Ukikatika katikati ya hesabu ya usiku kucha na betri ya mtumba ikazima, mafaili yanabaki nusu nusu na kuendelea ulipoishia hakuna uhakika. Dawa yake ipo. Programu ya Quantum ESPRESSO ina mpangilio unaoitwa max_seconds. Unaiambia ikimbie kwa sekunde 3,000, ijihifadhi na kujifunga vizuri, kisha unaiamuru iendelee pale ilipoishia. Wakati wa mgao, anayejua ratiba ya mtaani kwake hupanga hesabu kwa vipande vinavyotosha kabla ya giza. Inachosha, lakini inafanya kazi.

"Programu zake ni ghali, utakuwa umezikraki."

VASP inalipiwa leseni, ni kweli. Quantum ESPRESSO, ABINIT, GPAW na SIESTA ni za bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Kwenye Ubuntu, Quantum ESPRESSO inawekwa kwa amri moja. Gharama ni bando.

"Kila programu ina jibu lake."

Mwaka 2016 kundi kubwa la watafiti lilichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa programu 15 na mbinu 40 kwa fuwele za elementi 71. Mbinu za kisasa zilikubaliana kwa kiwango kinacholingana na tofauti za vipimo bora vya maabara. Tufike kwenye jambo lenye uzito.

"Kompyuta imethibitisha."

Dai hili halitoki kijiweni. Linatoka kwa wanaoipenda DFT, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Utalikuta kwenye ripoti: hesabu imefanyika, namba imetoka hadi desimali ya sita, kwa hiyo madini yako hivyo. Nadharia yenyewe ni kamili. Kinachokimbia ndani ya laptopu ni kadirio, na kila kadirio lina mahali linapokosea kwa tabia, kila mara, kwa upande uleule.

Turudi kwenye silikoni. Urefu wa upande wa mchemraba wake PBE inautoa kama 5.47 badala ya 5.43, kosa la chini ya asilimia 1. Hapo mwanafunzi hujenga imani. Kisha anakokotoa pengo la nishati, yaani nishati ambayo mwanga wa jua lazima uipatie elektroni ili itembee na kutoa umeme. Maabara zinapima kama elektronivolti 1.1. PBE inatoa kama 0.6, karibu nusu. Mashine haijaharibika na faili halina kosa. Udhaifu huo unajulikana na una sababu zake, na kuna mbinu nzito zaidi za kuurekebisha. Anayeandika 0.6 bila kusema hayo, akajenga juu yake hoja ya paneli ya sola, amewapa wale wa kijiweni silaha.

Grafiti inafundisha zaidi. Ni tabaka za kaboni zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ndani ya tabaka atomu zimeshikana kwa nguvu kubwa, zikiwa angstromu 1.42 kutoka moja hadi nyingine, na hapo PBE haina shida yoyote. Kati ya tabaka na tabaka kuna angstromu 3.35, na kinachozishikilia ni mvutano hafifu unaotokana na elektroni za tabaka moja kutikisika kwa kuitikia zile za tabaka jingine. PBE haiuoni mvutano huo. Ukiiachia itafute umbali yenyewe, tabaka zinaachana hadi zaidi ya 4, zikiwa zimeshikana kwa shida sana. Kadirio la zamani zaidi, LDA, linatoa jibu lililo karibu na 3.35, na mgeni atadhani ndilo bora. Limepatia kwa bahati: makosa yake mawili yanafutana. Ndiyo maana Stefan Grimme na wenzake walitengeneza nyongeza za kuuhesabu mvutano ule, mojawapo ikiwa D3 ya mwaka 2010. Ukiiwasha juu ya PBE, tabaka zinarudi jirani na mahali pake, kwa tofauti ya kama sehemu moja ya kumi ya angstromu.

Kwa hiyo kompyuta moja, mwanafunzi mmoja, madini yaleyale, majibu matatu. Kazi ya kisayansi inaanzia kwenye kujua lipi linatoka wapi. Wanaoidharau DFT na wanaoiabudu wameteleza pamoja hapa: wote wanadhani anayejibu ni mashine.

"Ni mambo ya Wazungu wenye raha zao."

Kohn hakuwa na raha. Alizaliwa Vienna mwaka 1923 katika familia ya Kiyahudi, akakimbilia Uingereza akiwa kijana, akawekwa kizuizini huko kama raia wa nchi adui, akapelekwa kambini Canada na kuendelea kusoma humohumo kambini. Wazazi wake waliuawa Auschwitz. Tuzo ya Nobel ya Kemia aliipata mwaka 1998, pamoja na John Pople.

Quantum ESPRESSO nayo ina mizizi Trieste, Italia, mji ambako Mpakistani Abdus Salam alianzisha kituo cha ICTP mwaka 1964 ili wanafizikia wa nchi maskini wasikatiwe mawasiliano na wenzao. Kutoka kwenye mtandao huo wa watu ikazaliwa shule ya Afrika ya mbinu hizi, ASESMA, iliyoanza Cape Town mwaka 2010, ikafanyika Eldoret mwaka 2012 na baadaye Accra, Addis Ababa na Kigali. Hapa nchini, Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha imekuwa ikichapisha hesabu za aina hii kwa miaka mingi, zikiwemo za hidridi za kuhifadhia haidrojeni. Kutoka Tandale hadi Arusha ni safari ya basi.

"Hailipi, na grafiti ya Mahenge itachimbwa tu, kwa hesabu au bila hesabu."

Kuhusu ajira, mzazi anayesema hivyo hana kosa. Nafasi za kazi zenye jina hilo hapa nchini ni za kuhesabika, na kijana anayeingia aingie akijua kwamba atalipwa zaidi kwa ustadi wa Linux na kuandika programu alioupata njiani. Kuhusu Mahenge, ni kweli pia kwamba hesabu haichimbi wala haisafishi. Grafiti ya betri husafishwa kufikia asilimia 99.95 na kusagwa iwe ya mviringo, na hayo ni ya kiwandani.

Lakini betri ikichajiwa, lithiamu inaingia kati ya zile tabaka, atomu moja kwa kila kaboni sita, na umbali wa 3.35 unapanuka hadi kama 3.70. Uchafu uliobaki unafanya nini humo, lithiamu inapita kwa nishati kiasi gani, tabaka zinapanuka kwa gharama gani: maswali hayo laptopu ya Kwa Mtogole inaweza kuanza kuyagusa. Atakayeanza, aanze na grafiti tupu. Ikimbize kwa PBE bila nyongeza, kisha na D3, uandike umbali wa tabaka katika kila hali. Kabla hujaziamini hizo mbili, pandisha kikomo cha nishati cha hesabu yako kutoka Rydberg 30 hadi 40, 50, 60, uangalie kama majibu bado yanahama. Yakihama, ulichopima ni uvivu wa faili lako, na lithiamu isubiri kwanza.