Shujaa Asiye na Mwili wa Jiwe

Msomaji mpenzi, wako wasemao kwamba kitabu cha picha ni upuuzi, tena ni adui wa masomo. Nami nawauliza: Je, kisa cha Luanda Magere, kilichosimuliwa kando ya moto katika nchi ya Kano, karibu na Kisumu, nacho ni upuuzi? Mwili wake ulikuwa wa jiwe, mikuki haikumdhuru. Lakini mkewe alipofichua kwamba nguvu zake zimo kivulini, adui walikichoma kivuli, naye akafa.

Basi litazame gazeti la picha liitwalo Shujaaz, lililoanza kugawiwa bure nchini Kenya mwaka 2010. Shujaa wake, Boyie, haruki angani kama Superman wa Marekani. Ni kijana aliyemaliza shule akakosa kazi. Akaunda kituo cha redio kwa siri chumbani mwake, akawatangazia wenzake maarifa. Kurasa hizo ziliwafundisha vijana hata kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue.

Watasema lugha yake ni Sheng. Ni kweli, wala usiiandike katika mtihani. Lakini kasoro ya vazi si kasoro ya mtu.

Nguvu za Luanda zilikuwa zake peke yake, zikafa naye. Maarifa ya Boyie ni ya kila asikiaye. Nawe kijana wa Dunga, uonaye magugu maji yakiziba njia ya mitumbwi, usingoje mtu wa jiwe. Soma, fikiri, kisha mwambie mwenzako ujualo, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.