Pampasi si jina la kila nepi

Hapa Muhumba ukiomba pampasi dukani, muuzaji anakupa nepi yoyote ya kutupa, hata kama haikutengenezwa na Pampers. Hakuna anayegombana. Mimi nimegombana na neno hilo wiki tatu, na sasa naomba wanafunzi wenzangu wa lugha waniunge mkono.

Nilikuwa natafsiri madai ya hataza, au breve kama tunavyosema hapa: ile ya Michael Lawson iliyotolewa Marekani mwaka 1987, mali ya Procter & Gamble. Inahusu nepi yenye pindo mbili kila mguuni, moja ya kubana paja, nyingine ya ndani inayosimama ili uchafu usivuje. Mwisho wa mwaka 1997 mahakama ya Delaware iliamua kwamba Paragon Trade Brands ilivunja hataza mbili za nepi za aina hiyo, ya Lawson ikiwemo. Januari 1998 Paragon ikaomba kinga ya kufilisika. Pindo za nepi, jamani!

Dai ni kama ua wa shamba: linaonyesha mali ya mvumbuzi inaishia wapi. Kwa hiyo ugomvi mara nyingi huwa wa neno, na tangu kesi ya Markman ya mwaka 1996 kule Marekani jaji ndiye anayeamua maana yake.

Kosa langu lilitokana na sifa. Darasani tumezoea kusifiwa tusiporudia neno, basi nikaandika pindo, halafu ukingo, halafu mkunjo. Nilijiona fundi. Lakini msomaji wa dai akiona maneno matatu hutafuta vitu vitatu. Hapo kurudia ndiyo adabu. Tena niliandika “nguo ya kunyonya”. Rafiki yangu akacheka, akauliza kama ni blauzi ya mama anayenyonyesha. Kumbe neno ni kufyonza.

Gumu zaidi ni “ya kutupa”. Je, ni nepi inayoweza kutupwa au isiyokusudiwa kufuliwa? Hata kitambaa cha winda kinaweza kutupwa. Hataza nyingi za nepi huchagua maana ya pili na kuieleza ndani yake, kwa sababu mvumbuzi anaruhusiwa kuwa mwanakamusi wake mwenyewe. Mtafsiri asiyesoma maelezo hayo huusogeza ua bila kujua.

Jirani yetu mmoja hushona nepi za kufua, na zake pia zina pindo ya ndani. Nilipomsomea rasimu yangu aliuliza: “Mwanangu, hiyo breve inasema hata yangu ni ya kutupa?” Kwa tafsiri yangu ya kwanza, ndiyo.

Hataza ya Lawson haikumfunga mtu wa Bukavu, na muda wake umekwisha. Lakini Kongo ina sheria yake ya mali ya viwanda tangu tarehe 7 Januari 1982, imeandikwa kwa Kifaransa, na fundi huyu akitaka kulinda pindo yake atahitaji mtu wa kumweleza kwa Kiswahili dai lake linafunika nini. Katiba ya 2006 inakiita Kiswahili lugha ya taifa. Sisi tunapewa mashairi na hotuba za kutafsiri mwaka mzima. Napendekeza mtihani ujao wa tafsiri uwe na dai moja la hataza, na anayebadilisha neno bila sababu akatwe alama. Nitakuwa wa kwanza kukatwa.