Uvuvi ukifungwa, akina mama tukapime

Kila mwaka, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika Ziwa Mweru. Mununga hupoa. Na sisi tunaovuka kutoka upande wa Kongo kununua samaki hukaa nyumbani tukihesabu madeni. Naomba nafasi hii niwashauri akina mama wenzangu kazi ya kufanya katika miezi hiyo mitatu: kwenda kupimwa mlango wa kizazi.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka 1999 nilikimbia vita nikiwa na miaka 15, nikasoma katika kambi ya Mwange huku Zambia, nikarudi nyumbani Pweto mwaka 2008. Leo ni mwalimu, na kwa kuwa mshahara hautoshi, nauza samaki pia. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja kambini alikuwa mchuuzi hapa Mununga. Alipoanza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, aliona aibu kusema. Kituo kimoja cha afya kilimpa vidonge mara tatu bila kumpima. Majirani walisema amerogwa. Wengine wakasema ni malipo ya kulala ng'ambo. Alipofikishwa Lusaka, saratani ilikuwa imeshaenea. Ameacha watoto wanne.

Ndugu msomaji, huo si uchawi wala malipo ya dhambi. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huletwa na kirusi kiitwacho HPV. Mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua jambo hilo. Aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, huleta takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Huambukizwa kwa kujamiiana, na kimeenea mno hata mke aliyemjua mume mmoja tu anaweza kuwa nacho.

Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kisipoondoka, huchukua miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kwa mwenye VVU asiyetibiwa, huenda ikawa miaka 5 hadi 10. Sasa tupige hesabu, sisi tuliokuwa wasichana kambini mwaka 2000. Miaka hiyo imeshatimia.

Kupima si jambo la kutisha. Nesi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi. Penye kasoro hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kuunguzwa kidogo. Zambia ilianza huduma hii katika kliniki za serikali mjini Lusaka mwaka 2006, kisha ikaipeleka mikoani. Shirika la Afya Duniani linashauri tuanze kupimwa tukiwa na miaka 30, na wenye VVU waanze na miaka 25. Mimi nilipimwa baada ya mazishi ya rafiki yangu. Hazikupita dakika kumi.

Na binti zetu je? Mwaka 2019 Zambia ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima. Nimesikia wazazi wakisema sindano hiyo inafunga uzazi. Si kweli. Chanjo haina kirusi hai, na haigusi uzazi. Kinachomnyang'anya mwanamke kizazi ni saratani yenyewe.

Akina baba nao wasidhani hii ni habari ya wanawake. Kirusi hichohicho, kikiingia kinywani kwa kujamiiana kwa mdomo, huweza kuleta saratani ya koo, hasa kwenye mafindofindo na shina la ulimi. Nchini Marekani saratani za koo zitokanazo na HPV sasa ni nyingi kuliko za mlango wa kizazi. Mwenye uvimbe shingoni usiopona, au anayepata maumivu ya kumeza kwa wiki kadhaa, asinyamaze.

Sisi watu wa mpakani tuna desturi mbaya: tukiwa Kongo tunasema tutatibiwa Zambia, tukiwa Zambia tunasema tutatibiwa nyumbani. Ugonjwa hausubiri mhuri wa uhamiaji. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Uvuvi ukifungwa tena, kabla hujaanza kushona nyavu, mshike jirani yako mkono mwende wote.